Kabla Hujafungua Ngoma za Nyuma: Breki ya Pikapu Ilikotoka, na Vumbi Lililomo Ndani



Tangu tulipoanza mfululizo wa usafirishaji wa mazao, maswali kuhusu magari yamekuwa mengi kuliko maswali kuhusu mazao yenyewe. Silalamiki. Kabichi nzuri iliyokwama njiani kwa sababu ya gari bovu ni hasara ileile kama kabichi iliyoliwa na viwavi. Swali lililorudiwa zaidi ni hili: "Bwana shamba, nataka kubadilisha pedi za breki za nyuma za pikapu yangu mwenyewe, hapa nyumbani. Naweza?"

Unaweza. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye jeki nzuri, mawe ya kuzuia magurudumu, spana chache na subira. Nilianza kuandika hatua tu, fungua hiki, vuta kile, kisha nikasimama. Ndani ya breki ya nyuma kuna jambo moja ambalo hatua pekee hazilielezi, nalo ndilo linaloweza kukudhuru wewe na walio nyumbani kwako miaka mingi baada ya gari lenyewe kuwa chuma chakavu. Ili ulielewe inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 130. Hatua nitakupa, ila zitakuja katikati ya habari.

Tuanze na jina. Pikapu nyingi tunazobebea mazao hazina pedi nyuma. Mbele zina diski, na pedi mbili zinaibana diski kutoka pande zote. Nyuma zina ngoma ya chuma iliyofunikwa, wengine wanaiita dramu, na ndani yake mna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga. Mafundi wetu wanaviita shuu. Ukikanyaga breki, shuu zinatanuka na kusukuma ukuta wa ngoma kutoka ndani. Kinachogusa ngoma si chuma cha shuu bali utando mgumu uliogandishwa juu yake kwa gundi au kwa ribiti, nao ndio lainingi. Kwa hiyo ukienda dukani kuomba "pedi za nyuma" kwa gari la ngoma, muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa kitu kisichokuhusu. Omba shuu za nyuma, na ikiwezekana beba ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kwa nini mfuko ufungwe, utaona mbele.

Shuu ni kiatu, nadhani unajua. Jina hilo lilikuwepo kabla ya gari. Mikokoteni ya farasi kule Ulaya ilikuwa na kipande kilichowekwa chini ya gurudumu wakati wa kushuka mlima ili gurudumu liburuzike badala ya kuzunguka, na kiliitwa kiatu. Gari lilipokuja likarithi jina. Likarithi na viatu vyenyewe, maana lainingi ya kwanza ya gari inayosimuliwa ilitengenezwa na fundi viatu.

Ilikuwa Agosti 1888, Ujerumani. Karl Benz alikuwa ametengeneza gari lake la magurudumu matatu lakini watu hawakulinunua, waliliona ni mchezo. Mkewe, Bertha Benz, akaamua jambo. Alfajiri moja alilitoa gari pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila kumwambia mumewe, wakaondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenye barabara za mikokoteni. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa njiani, mji wa Wiesloch. Breki ya gari ilikuwa vipande vya mbao vinavyosukumwa kwenye magurudumu ya nyuma, na kwenye miteremko mbao zikaliwa haraka. Bertha alimtafuta fundi viatu akamwambia apigilie ngozi juu ya mbao zile. Ngozi ikashika, safari ikaendelea. Kila lainingi unayonunua leo ni mjukuu wa kipande kile cha ngozi: kitu laini kiasi kinachofungwa juu ya kitu kigumu, ili kiliwe chenyewe badala ya breki nzima.

Ona pia kwamba breki ile ilikuwa nyuma tu. Tutarudi hapo.

Uingereza, miaka tisa baadaye, alikuwepo Herbert Frood katika vilima vya Derbyshire. Inasimuliwa kwamba aliona wenye mikokoteni wakifunga buti kuukuu kwenye breki zao wanaposhuka mlima. Akawaza kwamba lazima kuna kitu bora kuliko buti. Mwaka 1897 alianza kujaribu mikanda ya pamba iliyofumwa na kuloweshwa utomvu, akaifunga kwenye magurudumu ya mikokoteni. Ilifanya kazi vizuri. Mwaka 1902 alihamia mji wa Chapel-en-le-Frith na kuanzisha kiwanda. Jina la bidhaa alilitoa kwenye herufi za jina lake, akaongeza herufi moja ya mkewe Elizabeth, likawa Ferodo. Bado unaliona kwenye maboksi madukani.

Ndugu zangu wakulima wa pamba mtafurahi kujua kwamba zao lenu liliwahi kusimamisha mikokoteni na magari. Lakini pamba ina tabia moja. Breki haifuti mwendo, inaugeuza kuwa joto. Gari zito linaloshuka mlima linageuza uzito wake wote na mwendo wake wote kuwa joto ndani ya vipande vichache vya lainingi. Mkokoteni wa farasi ulikwenda polepole, joto likawa dogo. Injini zilipoongeza kasi, pamba ikaanza kuungua. Frood alihitaji kitu kinachofumika kama pamba lakini kisichoungua.

Ilipofika 1908 alikuwa amekipata: asbestosi.

Asbestosi ni jiwe. Ukilivunja halitoi changarawe, linatoa nyuzi nyembamba laini, unaweza kuzisokota uzi na kuzifuma kitambaa. Moto hauziunguzi. Zilichimbwa kwa wingi Quebec nchini Kanada, na kwa upande wetu wa Afrika zilichimbwa Zvishavane nchini Zimbabwe, Havelock katika nchi inayoitwa leo Eswatini, na Afrika Kusini. Kwa mtengeneza breki lilikuwa jibu kamili: linashika, linavumilia joto, ni rahisi. Kwa muda mrefu wa karne ya 20, ukisema lainingi ulikuwa unasema asbestosi iliyochanganywa na utomvu mgumu.

Wakati huohuo ngoma nayo ilikuwa inapata umbo lake. Mafundi wa kwanza walizungusha mkanda nje ya ngoma, ukibana kutoka nje kama unavyokaza mkanda wa suruali. Tatizo ni kwamba mkanda wa nje unakula matope, mchanga na maji. Louis Renault wa Ufaransa ndiye anayetajwa zaidi kwa ngoma yenye shuu ndani, mwaka 1902. Ukizificha shuu ndani ya ngoma, matope hayaingii kirahisi. Kwa barabara kama zetu huo ni wema mkubwa, na ni sababu mojawapo ya ngoma kubaki nyuma ya pikapu mpaka leo.

Lakini kinachozuia matope kuingia kinazuia pia vumbi kutoka. Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Diski ya mbele iko wazi. Pedi inapoliwa, vumbi lake linapeperushwa na upepo kila siku, kidogo kidogo, barabarani. Ngoma ya nyuma inatunza. Kila kilichokatika kwenye lainingi kwa mwaka mzima au miaka miwili, sehemu yake kubwa imekaa humo ndani, unga wa kijivu au mweusi, unakusubiri wewe ufungue.

Na sisi tukifungua tunafanya nini? Tunapuliza. Nilikuwa kwa mzee mmoja, mkulima hodari wa viazi, nimekwenda kuangalia mbegu zake. Nikamkuta uani ameshusha gurudumu la nyuma. "Shikamoo mzee." "Marahaba bwana shamba, karibu, ngoja nimalize hapa." Mjukuu wake, mtoto wa miaka saba au minane, alikuwa amechuchumaa pembeni amemshikia tochi. Mzee akaivuta ngoma, akajaza mashavu hewa, akapuliza. Wingu likatoka, likampita yeye, likamfunika mtoto. Mtoto akacheka, akakohoa, akafuta uso kwa shati. Sikusema kitu siku ile, kwa sababu mimi mwenyewe nimekulia gereji ya mjomba na nilipuliza ngoma nyingi kwa mdomo nikiwa mdogo kuliko mjukuu yule. Niliona ni kazi ya kawaida. Nilikuja kusoma baadaye.

Niliyosoma ni haya. Mwaka 1924 alifariki mwanamke mmoja katika mji wa Rochdale, Uingereza, jina lake Nellie Kershaw. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa amefanya kazi ya kusokota nyuzi za asbestosi katika kiwanda cha Turner Brothers tangu ujana. Mapafu yake yalikakamaa mpaka akashindwa kupumua. Aliomba fidia kiwandani akakataliwa, maana kampuni haikutaka kukubali kwamba kazi ndiyo iliyomuua. Daktari William Cooke alichunguza mapafu yake, akaona chembe za jiwe humo, akaandika habari hiyo kwenye jarida la madaktari wa Uingereza. Ugonjwa ukapata jina, asbestosisi. Serikali ikatuma wakaguzi viwandani, taarifa yao ikatoka 1930, na mwaka uliofuata zikatungwa kanuni za kupunguza vumbi kwenye viwanda vinavyosindika nyuzi hizo. Vilikuwa viwanda. Mtu anayefungua ngoma uani kwake hakuwemo akilini mwa mtu yeyote.

Mwaka 1960 habari nyingine ilitoka Afrika Kusini. Daktari Wagner na wenzake wawili waliandika kuhusu watu 33 wenye saratani ya nadra sana ya utando unaozunguka mapafu, inayoitwa mesotelioma. Wengi wao walikuwa na uhusiano na migodi ya asbestosi ya buluu ya Cape kaskazini, na wengine hawakuwahi kuchimba: waliishi tu karibu na migodi hiyo. Kwa wengi ilikuwa imepita miaka mingi tangu walipovuta lile vumbi. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Hauji kesho. Mara nyingi unachukua miaka 20, 30, 40. Mtoto anayevuta leo anaweza kuugua akiwa na watoto wake.

Kisha 1965, London, watafiti wawili wanawake, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, waliwafuatilia wagonjwa wa saratani hiyohiyo wakauliza kila mmoja alifanya kazi wapi na aliishi na nani. Wakakuta wagonjwa ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani. Walikuwa ndugu wa wafanyakazi, na hasa wake waliofua nguo za kazi za waume zao. Nilipoisoma sehemu hiyo nilimkumbuka mama mkubwa, mke wa mjomba wangu, akikung'uta ovaroli ukutani kabla ya kuiloweka.

Nisikutishe kupita kiasi. Asbestosi iliyotumika zaidi kwenye breki ni nyeupe, si ile ya buluu ya Cape, na joto la breki hubadilisha sehemu kubwa ya nyuzi zake kuwa unga wa aina nyingine. Ndiyo maana wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kuhusu ukubwa wa hatari kwa fundi gereji ukilinganisha na mfanyakazi wa kiwandani. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi husababisha saratani, nyeupe ikiwemo. Na kuna kazi moja ya breki ambayo joto halijaigusa: kupiga msasa lainingi mpya. Fundi akiona shuu mpya inapiga kelele au haikai vizuri kwenye ngoma anaikwangua kwa msasa mkavu. Nyuzi zilizomo, kama zimo, zinatoka zikiwa nzima kabisa.

Utasema, lakini siku hizi si imepigwa marufuku? Inategemea wapi. Uingereza ilipiga marufuku ile nyeupe 1999. Umoja wa Ulaya ulikamilisha 2005. Afrika Kusini 2008. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ilikuja kuipiga marufuku asbestosi nyeupe 2024, na miongoni mwa bidhaa zilizotajwa zilikuwemo breki na lainingi za kuuzwa kama spea. Mpaka juzijuzi, basi, bidhaa hizo zilikuwa halali kwenye nchi yenye mahakama na maabara nyingi kuliko zetu. Mimi na wewe tunanunua spea kutoka kila upande wa dunia, nyingine kwenye boksi lenye maandishi tusiyoyasoma, nyingine bila boksi. Tunanunua pia magari yaliyotumika, na shuu zilizofungwa na mtu tusiyemjua. Huwezi kuitambua asbestosi kwa macho, wala kwa harufu, wala kwa bei. Kanuni yangu ni rahisi: kila vumbi la breki nalichukulia kama limo.

Na kulichukulia hivyo hakugharimu pesa nyingi. Unahitaji maji. Vumbi lililolowa haliruki. Kabla ya kuanza, watoto waondoke, kuku waondoke, na usifanyie kazi mbele ya mlango wa jiko. Ukishavuta ngoma, usiipige chini kukung'uta. Chukua maji yenye sabuni ya unga kidogo, au dawa ya kusafishia breki ukiwa nayo, na chupa ile tunayopulizia miche kitaluni (iwe mpya, si ya sumu). Weka beseni chini ya gurudumu. Nyunyiza taratibu kwa tone laini mpaka vumbi lote liwe tope, kisha futa kwa kitambaa. Tope na kitambaa vitie kwenye mfuko wa plastiki, funga, zika mbali na kisima na bustani. Usipulize kwa mdomo, usipulize kwa kompresa, usifagie pakiwa pakavu. Barakoa ya kitambaa haisaidii sana, ile nene ya kuzuia chembe ndogo inasaidia. Nguo ulizovaa ziloweke mwenyewe, peke yake, bila kuzikung'uta. Na ukiona lazima upige msasa, lowesha kwanza.

Sasa turudi kwenye jambo la breki kuwa nyuma tu, maana lina maana kubwa kwa anayebeba mzigo.

Kwa miaka mingi ya mwanzo magari yalikuwa na breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Ford Model T, gari lililouzwa kwa mamilioni tangu 1908, lilisimamishwa na mkanda ndani ya giaboksi, na hendibreki yake ilishika ngoma mbili za nyuma. Mbele hakukuwa na kitu. Aprili 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T yenye bodi ya mizigo nyuma iliyotengenezwa kiwandani, kwa dola 281. Kabla ya hapo mkulima wa Marekani alikuwa ananunua gari kisha anamwomba fundi seremala amtengenezee boksi. Hiyo ya 1925 ndiyo inayohesabiwa kuwa pikapu ya kwanza ya kiwandani ya Ford, nayo ilikuwa imeundwa hasa kwa ajili ya watu kama sisi.

Kuweka breki mbele kulichelewa kwa sababu magurudumu ya mbele yanakata kona, na kupeleka vyuma na kamba za breki kwenye gurudumu linalogeuka ni shida. Watu waliogopa pia kwamba gari lingepinduka. Ukweli ni kinyume. Ukikanyaga breki uzito wa gari hukimbilia mbele. Umewahi kuona maboga yanavyoviringika kuelekea kebini. Nyuma panakuwa pepesi, na gurudumu jepesi linafunga haraka na kuteleza. Ndiyo maana leo breki kubwa iko mbele na ndogo nyuma.

Gari dogo la abiria uzito wake wa nyuma haubadiliki sana. Pikapu inabadilika kama mchana na usiku. Ikiwa tupu, mgongo wake hauna kitu, breki kali ya nyuma itaifanya izungushe mkia. Ikiwa na gunia 12 za viazi, magurudumu hayohayo ya nyuma yanabeba mzigo wote na yanatakiwa yafanye kazi. Waliotengeneza pikapu walitatua hilo kwa kifaa kidogo ambacho ninakuomba ukakitafute kwenye gari lako leo: juu ya ekseli ya nyuma, kwenye chesi, pana vali yenye mkono wa chuma au springi ndefu iliyoshikamana na ekseli. Mzigo ukishuka, chesi inashuka, mkono unasogea, vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Gari likiwa tupu inapunguza. Pikapu nyingi zina kifaa hiki, na nyingi nilizochungulia kimekatwa au kimefungwa kwa waya, kwa sababu kilivuja mara moja na fundi akaona ni pambo. Wengine waliongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi, chesi ikapanda, na vali ikadhani gari ni tupu siku zote. Unashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo na mzigo, breki za mbele zinafanya kazi peke yake, zinachemka, na unalaumu pedi.

Habari ya diski nitaipita haraka kwa sababu si yetu leo. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili 1902, ikapiga kelele mbaya, ikasahaulika mpaka Jaguar waliposhinda mbio za Le Mans 1953 wakiwa na diski za Dunlop. Tangu hapo ikahamia mbele ya karibu kila gari. Nyuma ya pikapu ngoma ikabaki kwa sababu tatu: bei, matope, na hendibreki. Shuu mojawapo ndani ya ngoma huvutwa na mzunguko wa ngoma yenyewe, inajikaza zaidi kuliko ulivyoisukuma. Ndiyo maana waya mwembamba wa hendibreki unaweza kuzuia tani mbili mlimani. Hendibreki isiposhika, kabla ya kukaza waya chini ya kebini, fungua ngoma uangalie. Mara nyingi waya hauna kosa, shuu zimeisha au ziko mbali na ukuta.

Mafuta ya breki yanahitaji aya yake. Zamani nguvu ya mguu ilipelekwa kwa fimbo na nyaya, na gurudumu moja lilishika kabla ya jingine. Malcolm Loughead, Mmarekani, alisajili mwaka 1917 njia ya kupeleka nguvu kwa kimiminika, kwa sababu kimiminika ndani ya bomba husukuma sawasawa pande zote. Gari la Duesenberg liliitumia kwenye magurudumu manne 1921, Chrysler wakaileta kwenye gari la bei nafuu zaidi 1924 baada ya kuweka raba bora zaidi za kuziba. Ford wenyewe walishikilia fimbo na nyaya mpaka 1939. Miaka ile ya mwanzo mafuta ya breki yalikuwa mchanganyiko wa alkoholi na mafuta ya mbarika, ndiyo, nyonyo hii hii inayoota nyuma ya choo. Ilichaguliwa kwa sababu inalainisha bila kuivimbisha raba. Mafuta ya petroli yanaivimbisha na kuiharibu, na hilo halijabadilika. Kwa hiyo anayekuambia uongeze oili ya injini kidogo kwenye chupa ya breki "ufike nyumbani" anakuambia uharibu kila raba kutoka masta silinda mpaka gurudumu la mwisho. Soma kifuniko cha chupa, kama kimeandikwa DOT 3 au DOT 4, weka hiyo. Tena kutoka chombo kipya, maana mafuta ya siku hizi hunywa unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Yakichemka mlimani, bombani panakuwa na mvuke, na pedeli inashuka mpaka sakafuni.

Haya, tufunge kazi. Egesha mahali tambarare pagumu. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, weka gia, toa hendibreki, legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Inua kwenye ekseli, kisha weka stendi au gogo pana la mti mgumu, usiiamini jeki peke yake. Ngoma ikikataa kutoka usiipige nyundo ukingoni, inapasuka. Magari mengi yana matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wa ngoma: ingiza boliti mbili za milimita 8, kaza moja nusu mzunguko, nyingine nusu, itajisukuma yenyewe. Ikiwa bado imekamata, legeza kirekebishio kupitia tundu la nyuma ya sahani.

Lowesha vumbi kama nilivyosema. Fungua upande mmoja tu. Upande wa pili uache mzima mpaka umalize wa kwanza, ili ukisahau springi gani inakaa wapi ukachungulie. Nimepiga picha kwa simu mara nyingi, lakini upande mzima ni bora kuliko picha. Virekebishio vya kulia na kushoto mara nyingi vina nyuzi zinazogeuka kinyume, usivichanganye. Chungulia raba za silinda ya gurudumu: zikiwa na unyevu zinavuja, na shuu mpya zitaloa mafuta ndani ya mwezi. Shuu iliyoloa mafuta au grisi haiokolewi kwa kuichoma moto wala kwa petroli, lainingi imeshanywa. Pima ngoma pia. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa huwa kimechorwa juu yake, na ikishapita hapo shuu mpya itagusa katikati tu. Badilisha shuu za pande zote mbili hata kama upande mmoja unaonekana mzuri, la sivyo gari litavuta upande.

Ukirudisha ngoma, zungusha kirekebishio mpaka usikie shuu zinagusa kidogo huku gurudumu bado linazunguka kwa mkono. Kanyaga pedeli mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu juu. Kisha endesha taratibu barabara tupu, bila mzigo, ukisimama kistaarabu mara 15 au 20, ukiacha breki zipoe kidogo kati ya kusimama. Lainingi mpya na ngoma ya zamani bado hazijalingana, kwa safari mbili tatu za mwanzo pedeli itakuwa chini kidogo na utahitaji nafasi zaidi. Safari hizo usiende na viazi.

Yule mzee wa viazi nilirudi kwake msimu uliofuata na chupa ya kunyunyizia. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama mjukuu apelekwe hospitali. Nikamwambia mara moja ile si ya kumkimbiza hospitali, ila asishike tochi tena. Siku hizi tochi anaitundika kwenye msumari.